VLC bila kitufe cha kijani

Jumamosi mama mmoja alipanda ngazi hadi kwenye benchi langu la ufundi hapa Luthuli Avenue, Nairobi, laptopu kwapani. Alitaka VLC tu, programu ya kuchezea video, atazame video ya harusi ya bintiye. Akaandika jina kwenye Google, akabofya tokeo la kwanza (lilikuwa tangazo), akabonyeza kitufe kikubwa cha kijani. VLC ilikuja na wageni wake: kila akitafuta kitu, anapelekwa kwenye tovuti asiyoijua. Nilifagia saa nzima.

Ukiwa na Windows 11, au Windows 10 iliyosasishwa, kwa kawaida tayari una winget, meneja wa vifurushi, yaani chombo cha kutafuta, kuweka na kusasisha programu. Si vya data, tulia. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, kisha Enter. Dirisha jeusi lisikutishe.

winget search vlc

Yatatokea majina mengi yanayofanana. Angalia safu ya Id. Unayoitaka ni VideoLAN.VLC. Sasa hatua ambayo wengi huiruka, nami ndiyo naipenda kuliko zote:

winget show VideoLAN.VLC

Hapo unaona mchapishaji ni nani na faili inatoka anwani gani. Ukiridhika:

winget install -e --id VideoLAN.VLC

Faili ikishashuka, winget hulinganisha alama yake ya SHA256 (msururu wa herufi na tarakimu unaobadilika faili ikiguswa) na ile iliyo kwenye orodha yake. Zikitofautiana, inakataa kuiweka. Kusasisha programu zako kwa mkupuo ni winget upgrade --all, ila ngoja upate Wi-Fi. Bando la saa moja litakatika katikati.

Wenye Ubuntu (Linux, si Windows), meneja wenu ni apt: sudo apt update, halafu sudo apt install vlc. Toleo la apt mara nyingi huwa nyuma kidogo ya lile la tovuti. Kwa video ya harusi, haidhuru.

Tovuti nazo bado nazitumia. Draiva ya printa, programu inayoiwezesha kompyuta kuongea nayo, naichukua kwa aliyeitengeneza printa. Lakini anwani naiandika kwa mkono, mfano videolan.org, sipitii tangazo. Faili ikishuka, kwenye lile dirisha jeusi naandika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256, nalinganisha na alama iliyo kwenye tovuti. Mwanzo na mwisho zikifanana bado nasoma katikati.

Yule mama nilimwandikia amri zake tatu nyuma ya risiti. Akauliza kama zinafanya kazi kwa simu. Nikamwambia huko ana Play Store tayari.