Somo: Sihiri zako na wafu-hai, au kwa nini ghuli hakushikika

Jumamosi iliyopita, Section 58 hapa Nakuru, tulikuwa tukicheza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambapo kila mtu huigiza mhusika wake na dadu huamua matokeo. Mezani kulikuwa na punje kumi na mbili za mahindi na vizibo vitano vya soda. Mahindi ndiyo viunzi vya mifupa, vizibo ndiyo mazombi. Wachezaji wangu walikuwa wameshuka ndani ya kreta niliyoichora kwa kuiga Menengai yetu, ambayo wazee husema jina lake kwa Kimaa linahusu maiti. Mchawi wa kundi alikuwa amebakiwa na sihiri moja tu ya maana. Akaitupa kwa ghuli, maiti anayetembea na kula watu, aliyekuwa akimrarua mwenzake: Shika Mtu, ya kumgandisha mtu asisogee. Nikamwambia haishiki. Akaweka kalamu chini. "Ana mikono miwili, ana miguu miwili, jana alikuwa mtu. Leo si mtu kivipi?"

Tulibishana hadi chai ikapoa. Kanuni ilikuwa upande wangu, lakini malalamiko yake yalikuwa ya haki: mchawi aliyesoma miaka yote hiyo angelijua jambo hilo, na mimi ninayeendesha mchezo sikumwambia kabla hajaitumia. Ndiyo maana naandika somo hili.

Ninafuata Dungeons & Dragons, toleo la tano la mwaka 2014. Kanuni zake za msingi, hati ya 5.1, ziliwekwa chini ya leseni ya Creative Commons Januari 2023, kwa hiyo unaweza kuzipakua bure na kuzisoma kwenye simu. Majina ya sihiri hapa ni yale tunayotumia mezani kwetu.

Hatua ya 1. Soma aina ya kiumbe kabla ya kitu kingine chochote.

Chini ya jina la kila kiumbe kuna mstari mfupi unaotaja ukubwa na aina yake. Ghuli, zombi, kiunzi, kivuli, mnyonya damu: wote wameandikwa wafu-hai, yaani waliokufa lakini bado wanatembea. Shika Mtu, na Vuta Mtu ya kumvuta moyo, hufanya kazi kwa viumbe wa jamii ya binadamu pekee. Umbo halihesabiki, wala alivyokuwa jana. Mtu akishageuzwa zombi, aina yake imebadilika, na sihiri haimtambui tena.

Hatua ya 2. Soma sihiri yenyewe hadi nukta ya mwisho.

Katazo hupenda kujificha kwenye sentensi ya mwisho, ile ambayo wengi huiruka. Tibu Majeraha haiwafai wafu-hai. Usingizi hauwalazi. Amri hawaisikii. Hata Shika Kiumbe, ambayo ni kubwa kuliko Shika Mtu na hukamata karibu kila kitu, inasema wazi kwamba haiwagusi.

Waliojifunzia toleo la tatu, lile la mwaka 2000, hapa ndipo wanapokosea. Zamani hizo uponyaji uliwaunguza wafu-hai, na sihiri za kujeruhi ziliwaponya. Kasisi, yaani mhusika anayetumia nguvu za imani, alikuwa akimpaka zombi dawa na zombi anaanguka. Mwaka 2014 jambo hilo likaondolewa: ukimponya, hakuna kinachotokea, na umeipoteza zamu. Katika maandishi mapya ya mwaka 2024, Tibu Majeraha haina tena katazo hilo. Basi kabla ya kikao kuanza, kubalianeni mnatumia kitabu cha mwaka gani.

Hatua ya 3. Angalia kinga.

Hii ni fupi. Sumu iwekeni kando: zombi, kiunzi na ghuli hawadhuriki nayo hata kidogo. Ghuli zaidi ya hapo hashawishiki kwa sihiri za kuvuta moyo. Lakini msidhani kila mfu-hai hana hofu. Zombi na kiunzi wa kawaida hawana kinga dhidi ya kutishwa, na ni wachezaji wachache wanaokumbuka kulitumia hilo.

Hatua ya 4. Mmalize zombi kwa nuru.

Hapa naomba mtulie, maana ndipo vita vingi hupotea.

Zombi ana pointi 22 za uhai. Ukimfikisha sifuri, haanguki papo hapo. Anarusha dadu ya pande 20, anaongeza 3, na akifikia 5 kujumlisha madhara uliyompa kwa pigo hilo, anabaki amesimama na pointi moja. Tuseme amebakiwa na pointi 2 na umempiga kwa 9. Anahitaji 14. Akirusha 11 au zaidi amenusurika, yaani nusu kwa nusu. Sasa tuseme umemchoma kwa kisu kidogo, madhara 2 tu. Anahitaji 7, kwa hiyo 4 kwenye dadu inamtosha. Mara 17 kati ya 20 atakuwa bado anakukodolea macho.

Umeona? Pigo dogo la mwisho ndilo baya zaidi. Jumamosi kizibo kimoja kilikataa kuondoka mezani raundi tatu mfululizo kwa sababu kila mtu alikuwa akikidonoadonoa.

Dawa ni mbili: pigo la shabaha kamili (20 kwenye dadu), ambalo huwezi kulipanga, au madhara ya nuru, ambayo unaweza. Nuru ikimfikisha sifuri, hakuna kurusha dadu. Amekwisha. Kwa hiyo wenye marungu wampunguze, kisha kasisi aje na Mwali Mtakatifu. Ni sihiri isiyoisha, unaitumia kila zamu ukitaka, na zombi ni mzito mno kuukwepa. Kasisi anayeutumia kwa zombi mzima huku mwenzake akimalizia na kisu amepanga kazi kinyume.

Viunzi ni hadithi nyingine. Hao rungu huwaumiza maradufu, basi nuru yako itunze.

Hatua ya 5. Ukiwafukuza, waache waende.

Kuanzia ngazi ya pili kasisi huinua alama ya imani yake, na kila mfu-hai aliye ndani ya futi 30 anayemwona au kumsikia hurusha dadu kujaribu kujiokoa kwa hekima yake. Akishindwa, anakimbia kwa dakika moja, au mpaka adhurike. Mshale mmoja wa mwenzenu mwenye hamu unamrudisha vitani. Kabla kasisi hajafanya hivyo, semeni mezani kwa sauti: hakuna kuwagusa wanaokimbia.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Kisumu:* Mwalimu, Mguso wa Baridi unawafaa wafu-hai? Si hawahisi baridi?

Jina linapotosha, ndugu yangu. Si mguso, kwani hufika futi 120, na madhara yake si ya baridi bali ya mauti. Zombi na kiunzi hawana kinga nayo. Tena mfu-hai ukimpata, mashambulizi yake dhidi yako yanakuwa na kikwazo (anarusha dadu mbili, inahesabiwa ndogo) hadi mwisho wa zamu yako inayofuata. Mchawi wangu angeutumia kwa yule anayemkabili mwenyewe.

*Kutoka Kakamega:* Kasisi wangu amefika ngazi ya tano. Je, ghuli wanateketea akiwafukuza?

Bado. Ngazi ya tano huteketeza wenye kiwango cha ugumu cha nusu kushuka chini: zombi, kiunzi, hata kivuli. Ghuli ni kiwango cha 1. Atakimbia tu.

*Kutoka Bungoma:* Mwenzetu alikufa mchezoni, adui akamwinua kuwa zombi. Dada yake anacheza naye mezani na amehuzunika kweli. Tunaweza kumrudisha?

Poleni, na mpe dada pole yangu. Akiwa bado zombi, sihiri ya kumrudisha aliyekufa haimpati, imekataza wafu-hai waziwazi. Lazima kwanza mwili uanguke. Baada ya hapo, ongeeni na msimamizi wenu, anayeendesha mchezo, maana ndiye mwenye uamuzi. Mimi ningekubali, iwapo siku kumi hazijapita tangu afe.

Na safari nyingine, mwenzenu akianguka mbali na mji, tumieni Pumziko Jema siku hiyohiyo. Chumvi kidogo, na sarafu ya shaba juu ya kila jicho. Kwa siku kumi mwili hauozi, hakuna anayeweza kuuinua, na siku hizo hazihesabiwi. Sarafu zisiondolewe machoni, hata mkiwa mnambeba.