Usikilize wimbo pamoja na mwanao kabla ya kuukataza

Mzazi anayemsikia mwanawe akiimba mashairi ya Bongo Fleva au singeli yenye maneno mazito asianze kwa kuzima redio. Mwaka 2018 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilivizuia vituo vya utangazaji kupiga nyimbo kadhaa, lakini katazo la namna hiyo halifiki kwenye simu. Ni afadhali kuusikiliza wimbo wote pamoja naye, kisha kumwuliza ni nani anayezungumza humo, msichana anayeimbwa anachukuliwaje, na iwapo angependa dada yake aambiwe hivyo. Mtoto mdogo mara nyingi huvutiwa na mdundo tu, naye maelezo mafupi humtosha. Wimbo usipofaa, mwonyeshe ni mstari upi na kwa nini.