Kuchagua mafuta ya breki kwa gari linalopelekwa kiwanja cha mbio

Hapa Unguja hatuna kiwanja cha lami kilichojengwa kwa mbio za magari, lakini wengi wetu tuna watoto na wapwa waliohamia Ghuba, na huko mtu mwenye gari lake la kawaida anaweza kulipa ada akaingia, kwa mfano, Dubai Autodrome, akazunguka njia ya kilomita 5.39 kwa kasi asiyoruhusiwa barabarani. Mpwa wangu ni mmoja wao. Alipokuja likizo aliniletea nusu chupa ya mafuta ya breki ya mashindano, ghali kwelikweli, akanambia: "Mjomba, tia kwenye gari lako, haya yanachemka kwa nyuzi 325." Sikuyatia, na maelezo haya ni jibu nililompa.

Tuanze na joto. Gari la kilo 1,300 linalopunguza mwendo kutoka kilomita 180 kwa saa hadi 72 kabla ya kona huzalisha joto la kiasi cha megajuli 1.4, na sehemu kubwa yake huishia kwenye diski inayozunguka na gurudumu na pedi zinazoibana. Kwa kipimo cha jikoni, hilo latosha kuzichemsha lita nne za maji ya mtungi. Kona za namna hiyo zikiwa kadhaa katika kila mzunguko, diski haipati nafasi ya kupoa. Joto hupita kwenye pedi likaingia kwenye pistoni ya kalipa, kile kifaa kinachozisukuma pedi, na nyuma ya pistoni ndipo mafuta yalipo. Mafuta hayabinyiki, ndiyo maana yanaweza kuufikisha msukumo wa mguu kwenye gurudumu; yakichemka huzaa mvuke, na mvuke hubinyika, kwa hivyo pedali hudidimia na gari likaendelea kwenda.

Hata hivyo usiyalaumu mafuta kabla ya kuisikiliza pedali. Ikiwa imebaki ngumu na juu lakini gari halishiki, zilizozidiwa ni pedi, na chupa ya bei yoyote haitakusaidia mpaka ubadilishe pedi. Ikiwa inabonyea kama godoro, au inashuka hadi sakafuni kisha inarudi ukiipigapiga, hapo mafuta yamechemka. Mimi niliipata ya pili Pemba, tena bila mbio zozote, nikiteremka kuelekea bandari ya Mkoani na gari limejaa magunia, mafuta ya breki yakiwa hayajaguswa kwa miaka mingi. Nilisimama kwa gia na breki ya mkono.

Sasa chupa yenyewe. Herufi DOT zinatokana na Idara ya Uchukuzi ya Marekani, ambayo imeweka viwango vya chini vya kuchemka, na kila daraja lina namba mbili: moja ya mafuta mapya yasiyo na maji, na nyingine ya mafuta yaliyokwishaingia maji kiasi cha asilimia 3.7. DOT 3 inatakiwa ifike nyuzi 205 ikiwa mpya na 140 ikiwa na maji, DOT 4 ni 230 na 155, DOT 5.1 ni 260 na 180. Hivyo ni viwango vya chini tu, na mafuta mengi mazuri huvipita, kwa hiyo maandishi DOT 4 peke yake hayakuambii yaliyomo. Chupa mbili za DOT 4, moja ya duka la spea la mtaani na nyingine ya mashindano, zinaweza kutofautiana kwa karibu nyuzi mia.

Wauzaji huitangaza namba ya kwanza kwa sababu ndiyo kubwa. Mimi husoma ya pili kwanza. Mafuta haya, isipokuwa DOT 5, yametengenezwa kwa kemikali za jamii ya glaikoli, ambazo hunyonya unyevu kutoka hewani. Maji hupenya polepole kwenye mipira ya breki na kwenye kifuniko cha kopo linalohifadhi mafuta hayo, hata gari likiwa limeegeshwa. Tukiishi visiwani, ambako nguo iliyoanikwa ndani wakati wa masika haikauki siku mbili, si jambo la kupuuza. Motul RBF 660, mojawapo ya mafuta ya mashindano, inachemka kwa nyuzi 325 ikiwa mpya, lakini ikiingia maji inashuka hadi 204. Castrol SRF, nayo ya mashindano, inapita 300 ikiwa mpya, na ikiwa na maji bado inafika 270. Anayebadilisha mafuta kabla ya kila siku ya kiwanjani atatosheka na ya kwanza. Anayeyaacha msimu mzima na alipe bei ya ya pili, ingawa itamuuma.

Kwa mtu anayeanza, mwenye gari jepesi na pedi za kawaida, ushauri wangu ni DOT 4 nzuri au DOT 5.1 iliyotiwa mpya wiki hiyohiyo, nayo itamshinda jirani yake mwenye mafuta ya mashindano ya mwaka juzi. Mwendo ukishazidi, au gari likiwa zito, ahamie kwenye mafuta ya mashindano ambayo namba yake ya pili haipungui 200. Gari la mjini hapa lisilokwenda kiwanjani halihitaji zaidi ya lile daraja lililoandikwa kwenye kifuniko cha kopo, mafuta yakibadilishwa kila mwaka.

Mtego mkubwa ni DOT 5. Jina lake linafanana na DOT 5.1, lakini haya ni mafuta ya silikoni, kwa kawaida ya zambarau, hayachanganyiki na mengine, hushika vipovu vya hewa na hayafai kwa gari lenye ABS, yaani mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukifunga breki. DOT 3, 4 na 5.1 huweza kuchanganyika bila kuharibu mipira, ila ukimimina mafuta ghali juu ya ya rahisi umenunua mchanganyiko wa rahisi. Toa yote.

Kutoa yote huchukua takriban lita moja. Nyonya mafuta ya kopo kwa bomba la sindano, jaza mapya, kisha fuata magurudumu kwa mpangilio wa kitabu cha gari. Katika magari mengi huanza lililo mbali zaidi na masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali. Msaidizi akanyage pedali taratibu, wewe ufungue nipo, skrubu ndogo ya kutolea mafuta kwenye kalipa, yenye mpira unaopitisha mwanga, uifunge kabla hajaachia mguu, mpaka mpira uonyeshe mafuta mapya bila kipovu. Kopo lisikauke hata mara moja, la sivyo utaanza upya. Tone likiangukia bodi, limwagie maji papo hapo, kwa sababu mafuta haya hubandua rangi.

Ukiwa kiwanjani, mzunguko wa mwisho uendeshe polepole ili breki zipoe, na ukishaegesha usivute breki ya mkono diski zikiwa zimewaka. Tia gia tu.

Na nunua chupa ndogo, zenye muhuri mzima, kwa sababu chupa iliyofunguliwa imeshaanza kunywa hewa. Ile ya mpwa wangu ilikuwa imefunguliwa miezi minne kabla, kifuniko kimekazwa nusu, ikasafiri kwenye sanduku kisha ikakaa jikoni kwa mama yake. Namba 325 bado ilikuwa imeandikwa kwa herufi nyekundu. Nilimshukuru, nikabandulia rangi kuukuu ya geti.