Usiiamini pua yako: kazi salama kwenye visima vya mvuke

Ukija Olkaria, kwenye visima vya mvuke wa kuzalisha umeme nchini Kenya, kwa mara ya kwanza, harufu ya mayai viza hukupokea kabla hujafika langoni. Hiyo ni haidrojeni salfaidi, gesi inayopanda pamoja na mvuke kutoka chini ya ardhi. Kufika saa nne, wageni huniambia, "Mwalimu, leo gesi imepungua." Haijapungua. Pua imezoea. Tena ikifika kama sehemu 100 kwa milioni, gesi hii huua uwezo wa kunusa kabisa, na hapo unavuta sumu ukidhani ni hewa safi.

Kazi ya pua mwachie kipima gesi. Kiwashe penye hewa safi, kisome sifuri, kisha kipulizie gesi ya majaribio kabla ya kila zamu hadi kilie na kutetema. Skrini kuwaka si ushahidi. Kihisi huweza kufa huku betri imejaa. Kibane kifuani, karibu na pua. Asubuhi za baridi nawakuta vijana wamekifunika kwa koti, nami huwarudisha garini. Vingi hutegwa vilie kwenye sehemu 10. Kikilia, acha kazi uondoke, hata kama imebaki nati moja.

Ukishuka garini tazama soksi ya upepo, ule mfuko wa kitambaa mlingotini unaoonyesha upepo unakoelekea. Siku ya kukimbia, kata upepo kwa ubavu kwanza, halafu uende kule upepo unakotoka, na upande mahali pa juu. Gesi hii ni nzito kuliko hewa: hutulia mitaroni na ndani ya sela, lile shimo la zege kwenye mdomo wa kisima, hasa alfajiri isiyo na upepo. Huko hakuingiwi bila kibali, bila hewa ya chini kupimwa kwanza, bila mkanda wenye kamba na mtu wa kukulinda juu.

Sasa lililo gumu. Mwenzako ameanguka ndani ya sela. Mmekunywa naye chai asubuhi, unawajua watoto wake, na miguu yako inataka kushuka. Usishuke! Kwenye sehemu 1,000 pumzi moja au mbili zinatosha kukuangusha juu yake, na mara nyingi maiti ya pili huwa ya aliyekwenda kuokoa. Kitambaa kilicholoweshwa hakizuii kitu, wala barakoa ya vumbi. Paza sauti, ita kwa redio, vuta kamba. Wanaoshuka ni waliovaa mitungi ya hewa tu, na wawe wamenyoa ndevu, maana barakoa haishiki vizuri juu ya nywele. Hili tunalifanyia mazoezi kwa sanamu zito, tena na tena, mpaka mwili ujifunze kusimama.

Akitolewa, mpelekeni kwenye hewa safi. Kama hapumui, mpeni pumzi kwa kifaa cha kupulizia, si mdomo kwa mdomo. Moyo ukisimama, mkandamizeni kifua. Mpeni oksijeni mkiwa nayo. Kisha hospitali, hata akiinuka na kusema yuko sawa, kwa kuwa mapafu huweza kujaa maji saa kadhaa baadaye.