Jinsi ya kufunga sampu kwenye tenki la samaki wa baharini, kwa nyumba ambazo umeme hukatika

Sampu ni tenki la pili la kioo linalokaa ndani ya stendi, chini ya tenki la samaki. Maji yanashuka yenyewe kwa bomba, yanapita kwenye vichujio, kisha pampu inayarudisha juu. Nadharia yote ndiyo hiyo. Kazi iliyobaki ni kujibu swali moja: umeme ukikatika saa nane za usiku nyumba nzima imelala, maji yaliyoko juu yataishia wapi? Kwetu Mtwara hilo si swali la kufikirika. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na hesabu, vifaa vinafuata.

Wapo watakaouliza kwa nini wasibaki na kichujio cha kopo, kile kilichofungwa. Kopo likizima kwa saa kadhaa, bakteria walio ndani wanamaliza oksijeni na kuanza kufa, na umeme ukirudi uozo wote unapandishwa kwa samaki. Sampu iko wazi, hewa inaingia. Tena inakuongezea lita za maji, na kwenye chumvi maji mengi hubadilika taratibu kuliko machache.

1. Hesabu ya maji

Tuchukue tenki la sentimita 120 kwa 45, kimo 50. Kila sentimita moja ya maji juu ni lita 5.4. Sampu ya 75 kwa 35, kimo 40, inabeba lita 2.6 kwa kila sentimita.

Pampu ikizima, tenki litashuka hadi maji yafike chini ya ukingo wa kumwagia na hadi mdomo wa bomba la kurudishia upate hewa. Weka sentimita 3: lita 16. Ongeza lita 3 za kisanduku cha kumwagia, yaani kile cha ndani ya tenki ambamo maji humwagikia kabla ya kushuka, na moja iliyomo mabombani. Jumla lita 20, ambazo kwenye sampu yetu zinapandisha maji karibu sentimita 8. Kama kawaida sampu inakaa na sentimita 23, itafika 31, na juu inabaki nafasi ya sentimita 9. Hiyo inatosha. Ukikuta imebaki chini ya 5, tafuta sampu kubwa zaidi.

Na kabla hujaagiza kioo, pima mlango wa stendi. Sampu lazima iweze kuingia na kutoka stendi ikiwa imesimama pale pale.

2. Kutengeneza sampu

Fundi vioo yeyote mjini atakukatia kioo cha milimita 6. Silikoni iwe ile safi isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, yenye harufu ya siki inapokauka. Ya bafuni mara nyingi ina hiyo dawa, nayo inaua.

Ndani simamisha vipande vitatu vya kioo vya kuzuia mapovu, vikiachana sentimita 3. Cha kwanza kinakaa sakafuni, kimo 23. Cha pili kinaning'inia, kikiacha uwazi wa sentimita 3 chini. Cha tatu kinakaa tena sakafuni. Maji yanapita juu, chini, juu, na mapovu yanabaki njiani. Upande wa kuingilia acha nafasi ya skima, kifaa kinachotoa uchafu majini kwa povu, upande wa mwisho acha chumba cha pampu. Iache ikauke wiki nzima, kisha ijaze maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, nje, kwenye sakafu iliyo sawa, na uiache usiku kucha. Pitisha karatasi kavu kwenye kila kona asubuhi. Karatasi ikilowa, umepata pa kurudia.

3. Kutoboa tenki

Kuna visanduku vya kuning'iniza ukingoni ambavyo havihitaji tundu, vinavuta maji kwa mrija wa kupinda. Kwa hapa sivishauri. Umeme ukirudi na mrija ukawa umeingia hewa, pampu itapandisha maji na hayatashuka. Toboa.

Kwanza hakikisha kioo si cha tempa, kile kilichoimarishwa kwa joto, kwa sababu cha tempa hupasuka chote mara moja. Hamishia samaki na mawe kwenye mapipa ya plastiki yaliyowahi kubeba chakula, wakiwa na maji yao wenyewe na pampu ya hewa. Watakaa humo siku tatu, basi panga mapema.

Matundu ya kushusha ni mawili, nyuma, kwenye kona moja, na kutoka tundu hadi ukingo wa kioo pasipungue upana wa tundu lenyewe. Usinunue biti ya drili kabla ya kushika tenki konekta, kile kiungio cha bomba kinachopita kwenye tundu, mkononi na kupima uzi wake, maana inchi moja ya duka hili si inchi moja ya duka lile. Tumia biti ya almasi, mwendo mdogo, maji yakimwagika pale muda wote, na utepe umebandikwa upande wa pili. Usiisukume drili, uzito wake unatosha. Unga mweupe ukianza kuwa mzito kama uji, ongeza maji. Milimita chache za mwisho ndizo zinazovunja vioo vya watu, kwa hiyo hapo legeza mkono kabisa.

Kisha gundisha kisanduku cha kumwagia kuzunguka matundu, cha kioo au akriliki, chenye meno juu ili samaki wasipite.

4. Mabomba, na habari ya shaba

Hapa ndipo utakapobishana na muuza duka. Ukiomba koki, atakuletea geti valvu ya shaba na kukwambia, "Bosi, hii ndiyo imara, plastiki itakusumbua." Kwa maji ya bombani yuko sahihi. Kwenye chumvi shaba inayeyuka kidogo kidogo, na kamba, konokono na matumbawe hawaivumilii hata kwa kiasi kidogo sana. Mwambie, "Kaka, niletee ya plastiki." Bomba la mabati nalo liache, lina zinki. Hata vibano vya chuma ndani ya stendi vitaota kutu upesi. Funga kwa vile vya plastiki.

Bomba la kwanza, la inchi moja, ndilo linaloshusha maji yote, na mdomo wake uzame ndani ya kisanduku. Hilo ndilo lenye koki. La pili lina mdomo wa juu zaidi, kazi yake ni akiba, na halifungwi koki kamwe. La kwanza likizibwa na konokono, la pili linaokoa sebule.

Bomba la kurudishia mdomo wake uwe karibu na uso wa maji, sentimita 2 tu chini. Ukilizamisha hadi katikati ya tenki kwa sababu linapendeza, umeme ukikatika litafyonza tenki hadi katikati. Toboa pia kitundu cha milimita 5 kwenye bomba, chini kidogo ya uso wa maji, ili livute hewa mapema, na ukisugue kwa mswaki kila mwezi maana mwani unakiziba. Valvu za kuzuia maji kurudi usizitegemee, kokwa ndogo ya chokaa inatosha kuzishinda.

5. Pampu

Unahitaji maji yazunguke mara 3 hadi 5 kwa saa, yaani karibu lita 1,000 kwa tenki hili. Namba iliyoandikwa kwenye boksi ni ya pampu isiyopandisha maji popote. Kwa kimo cha mita moja na nusu, pampu ya lita 2,000 yenye uwezo wa kupandisha mita 2.5 itakupa chini kidogo ya nusu.

Waya wa pampu uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili maji yakifuata waya yadondoke sakafuni.

6. Zima, washa, zima

Jaza kwa maji baridi kwanza. Washa, funga koki polepole hadi mlio wa kunywa maji uishe na bomba la akiba liwe linapitisha uzi mwembamba tu. Subiri robo saa. Sasa zima ukutani na ukae ukitazama sampu hadi maji yatulie. Bandika utepe pale yalipofika. Washa tena, uone kama yanashuka bila wewe kugusa koki. Rudia hadi uchoke, na mara moja ziba bomba la kwanza kwa kitambaa uone kama la akiba linamudu peke yake. Ndani ya chumba cha pampu chora mstari wa maji wakati pampu inafanya kazi, uandike MWISHO. Usijaze kupita hapo hata siku moja.

7. Vya kuweka ndani

Skima inakaa chumba cha kwanza, kwenye kina kilichoandikwa na mtengenezaji. Siku za mwanzo itamwaga povu hovyo kwa ajili ya silikoni mpya; ivumilie. Kichujio cha uchafu mkubwa kinaweza kuwa pamba ya mto, ya polyesta, isiyo na harufu, ila ioshe kila siku tatu. Ikikaa wiki inageuka kiwanda cha naitreti, yaani mabaki ya uchafu unaooza.

Mwani unakula naitreti na fosfeti. Chagua wa nyuzi nyuzi na uuwashie taa usiku. Kauleripa, wa vishada kama zabibu, umejaa pwani zetu lakini siutaki: ukifika wakati wa kuzaa huyeyuka wote kwa usiku mmoja na maji yanakuwa maziwa.

Mawe tumia yako ya zamani. Usiende kuchimba matumbawe Msimbati. Kule ni Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, na kuyachukua ni kosa. Mawe ya kuta zilizobomoka Mikindani yana chokaa ya kujengea, nayo yaache.

Hita haina kazi hapa. Weka feni ndogo ikipuliza juu ya sampu, mwezi wa Desemba itakushushia nyuzi 2 au 3.

8. Maji ya chumvi

Chota upande unaotazama bahari kuu, kama Shangani ya hapa Mtwara, bamvua likiwa limejaa, si ndani ya ghuba karibu na bandari, na si siku za mvua. Yachuje kwa kitambaa, yapime uzito kwa kipima chumvi, yawe 1.025 (maji baridi ni 1.000).

Samaki wakirudi, kichujio cha zamani kiache kikifanya kazi sambamba kwa mwezi mmoja. Maji yanayopungua kwa joto utayaona kwenye chumba cha pampu tu, kwa sababu juu ukingo unayashikilia palepale. Chumvi haipai, basi ongeza maji baridi yaliyochujwa, si ya chumvi, wala si ya mvua yaliyopita kwenye bati. Ongeza kila asubuhi, ukiishia kwenye mstari wa MWISHO.