Konokono aliyekuja na jiwe: angalia mdomo wa gamba

Ukikuta konokono usiyemjua, aliyeingia na jiwe la bahari kwenye tangi lako la matumbawe, mgeuze kwa koleo la plastiki (si kwa vidole) uangalie mdomo wa gamba. Mdomo wa duara usio na mkato kwa kawaida ni wa mla mwani, kama Trochus au Turbo. Mwache afanye usafi. Ukiona mkato au mfereji upande wa mbele, hapo hupita mrija anaotumia kunusa chakula majini, na wengi wenye mrija huo hula nyama: chaza, minyoo, konokono wenzao. Mtenge kwanza. Mdomo ukiwa mrefu na mwembamba, na gamba lina umbo la koni, huenda ni Conus. Huyo hurusha jino lenye sumu. Conus geographus, ambaye yupo hata pwani ya Afrika Mashariki, ameshaua watu. Ndiyo sababu ya koleo.

Kipimo hiki hukosea pande zote mbili. Nassarius ana mkato lakini hula hasa mabaki na mizoga, na Cerithium naye anao ilhali hula mwani. Wabaya zaidi kwangu ni wale wa mdomo safi: Heliacus, bapa mwenye mabaka, hutafuna zoanthidi (wanyama wa baharini walio karibu na matumbawe), na vikonokono vyeupe vya jamii ya Pyramidellidae, vidogo kama punje ya mchele, hufyonza chaza wakubwa. Hao watafute usiku kwa tochi, kwenye zoanthidi na ukingoni mwa chaza.