Somo: Kumwandikia mzazi wosia utakaosimama mahakamani

Ninaandika somo hili ili nisiulizwe tena misibani na kwenye kivuko jinsi ya kumwandikia wosia mzazi aliyezeeka. Ninazungumzia familia zinazofuata sheria ya kimila, kama zetu nyingi za Usukumani na Ukerewe; Waislamu wana utaratibu wao, ambao wosia hauvuki theluthi moja ya mali.

Hatua ya 1. Orodhesheni mali, na madeni pia.

Hatua ya 2. Kusanyeni hati za viwanja, mashamba na mitumbwi.

Hatua ya 3. Mzazi aseme mwenyewe, maneno yaandikwe kwa wino, na tarehe iwekwe.

Hatua ya 4. Mashahidi. Hapa ndipo nilipoharibu mimi. Marehemu baba, mvuvi wa Igombe, aliniita sebuleni nimwandikie wosia. Nikawaita baba wadogo wawili, wakatia saini, tukala sato, na karatasi nikaifunga kwenye mfuko wa nailoni ndani ya sanduku la nyavu, nikijiona nimemaliza kazi. Alipofariki, dada yangu wa mama mwingine aliupinga wosia huo, na hakimu akaniuliza swali moja tu: shahidi asiye wa ukoo ni yupi? Hakuwepo. Sheria za wosia zilizomo katika Tangazo la Serikali namba 436 la mwaka 1963 zinataka mzazi anayejua kusoma na kuandika awe na mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Asiyejua awe nao wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Na mashahidi hao wote wawe wanajua kusoma na kuandika. Mke au wake waliopo nyumbani huongezwa juu ya hao. Wosia wetu ulibatilika, mali ikagawanywa kana kwamba baba hakuacha neno, na injini aliyomwahidi mpwa wake, aliyevua naye miaka yote, ikauzwa.

Hatua ya 5. Hifadhini wosia mahali salama. RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini wa serikali ya Tanzania, nao hupokea wosia na kuutunza.

MASWALI

Swali: Mkuu, sijasoma yote. Mashahidi ni wangapi?
Jibu: Hatua ya 4.

Swali: Baba amefariki wiki iliyopita na alikuwa amenipa hati ya uwakili. Ninaweza kuuza kiwanja chake cha Buhongwa?
Jibu: Hapana. Hati hiyo imekufa pamoja naye. Fungueni mirathi.

Swali: Mimi tayari ni msimamizi wa mirathi, kwa hiyo nyumba ni yangu. Mbona unatutisha?
Jibu: Simtishi mtu. Msimamizi hukusanya mali, hulipa madeni na kuwagawia warithi. Nyumba haiwi yake kwa cheo hicho. Kama uliteuliwa na mahakama ya mwanzo, unatakiwa kupeleka orodha ya mali na madeni kwa Fomu namba 5 ndani ya miezi 4, kisha hesabu kwa Fomu namba 6. Umepeleka?

Swali: Shikamoo kaka. Mama asubuhi anakumbuka kila kitu, lakini jioni hanitambui. Wosia wake utakubalika?
Jibu: Marahaba mdogo wangu, umeuliza jambo la maana. Kinachotazamwa ni akili yake wakati anapousia, kwa hiyo mwandikieni asubuhi, na siku hiyohiyo daktari amwone na kuandika hali yake. Watoto mtakaorithi mkae nje wakati anasema, ili kesho asitokee wa kudai kwamba alishurutishwa. Mashahidi wamwulize wenyewe ana watoto wangapi na mashamba yake yako wapi, nao wasikie majibu kwa masikio yao.

Mchango: Mimi nipo mwaloni Kirumba. Kwenye hatua ya 2 ongeza namba ya injini, maana ukiandika «injini moja» tu, watakuletea mbovu.
Jibu: Ahsante, hilo lilinipita. Namba yenyewe husomwa wapi?
Mchango: Kwenye kibati kilichopo pale injini inapobana mtumbwi. Sugua kutu kwanza.